Nilitafsiri tangazo nikidhani ni hadithi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu makala iliyotoka kwenye ukurasa wa burudani majuma mawili yaliyopita, ile iliyowashauri watengenezaji filamu wetu wachukue fedha za kampuni za vyakula na vinywaji, kisha bidhaa za kampuni hizo zionekane ndani ya filamu. Mwandishi alitolea mfano filamu za kisayansi za Marekani zinazoonyesha dunia ya miaka ijayo. Alisema hata huko nembo za migahawa zinapita machoni pa watu na hakuna aliyewahi kudhurika.

Kwamba filamu haipigwi bila fedha, hilo nakubaliana naye kabisa. Nimeona vijana wetu wakiuza pikipiki ili wakodi kamera. Lakini hilo la kwamba hakuna aliyedhurika nalipinga, kwa sababu mimi ni mmoja wa waliotumika katika mambo hayo, na nilitumika bila kujua.

Kuanzia mwaka 1995 nilikuwa mtafsiri wa picha katika kibanda kimoja cha video hapa Mwembesongo, Morogoro. Wenye umri wangu wanakijua kibanda cha namna hiyo. Kuta za mabati, mabenchi yasiyo na egemeo, magunia yametundikwa madirishani kuzuia mwanga, runinga moja juu ya meza na deki chini yake, jenereta nyuma kwa siku umeme ukikatika. Mimi nilikaa pembeni ya runinga na kipaza sauti. Sauti ya mkanda naipunguza, halafu kila anachosema steringi na kila anachosema adui nakisema mimi kwa Kiswahili. Kiingereza changu kilikuwa cha kidato cha nne, nikakinoa kwa redio. Ni kazi inayotaka utulivu: sikio liko kwenye mkanda, jicho liko kwenye mdomo wa mchezaji ili ujue ataanza lini na atanyamaza lini, na mdomo wako uko sentensi moja nyuma yake. Nalitaja hilo la kutazama midomo kwa sababu ndilo lililonifanya niandike barua hii.

Mwaka 1996 tukaletewa mkanda wa Demolition Man, picha ya Sylvester Stallone na Wesley Snipes iliyoongozwa na Marco Brambilla na kutoka Marekani Oktoba 1993. Sisi tulisema tu "Rambo mpya". Picha inaanzia Los Angeles mwaka huo huo wa 1996, na kibanda kizima kilipiga kelele kuona mwaka wetu umeandikwa kwenye kioo. Askari John Spartan na jambazi Simon Phoenix wanagandishwa kwenye barafu, wanakuja kuzinduliwa mwaka 2032. Wanakuta Los Angeles, San Diego na Santa Barbara zimeunganishwa kuwa mji mmoja uitwao San Angeles, mji ambao hakuna anayegombana, chumvi ni haramu, nyama ni haramu, na mtu akitukana mashine ya ukutani inamtoza faini papo hapo. Ile mashine ya faini watu waliipenda mno. Kwa mwezi mzima mitaani kwetu ukiropoka tusi, mtoto anakudai faini.

Basi inafika mahali mkuu wa mji, Dokta Cocteau, anamwalika Spartan chakula cha jioni kwa kuwa amemwokoa maisha. Spartan anaonekana kushangaa anapotajiwa mgahawa wanakokwenda. Yule askari wa kike, Lenina Huxley, aliyechezwa na Sandra Bullock, anamweleza kwa utaratibu, kama mwalimu wa chekechea, kwamba kulikuwa na vita vya migahawa, Pizza Hut ndiyo pekee iliyosalimika, na sasa migahawa yote ni Pizza Hut.

Hapo nilikwama. Pizza Hut sikuijua. Pizza yenyewe nilikuwa sijaiona kwa macho, sembuse kuila. Nikatazama picha ili inisaidie: watu wamevaa majoho ya heshima, kuna mpiga kinanda, sahani ni kubwa na chakula ni kidogo katikati. Nikaamua kwa ninachokiona. Nikasema kwenye kipaza sauti: "Pizza Hut ni hoteli ya wakubwa wa dunia. Ikifika mwaka 2032 hoteli nyingine zote zimekufa, imebaki hiyo peke yake."

Mtoto mmoja wa benchi la mbele akauliza kwa sauti, "Na Mama Mihogo je?"

Mama Mihogo alikuwa na karai lake nje ya mlango wa kibanda. Alikaanga mihogo, akaikata vipande vyembamba, akamwagia kachumbari na pilipili ya kusaga, akakufungia kwenye karatasi la gazeti. Watoto wengi wa kibanda kile walikulia kwenye mkono wake. Nami bila kufikiri nikamjibu yule mtoto kwenye kipaza sauti: "Mama Mihogo naye hayupo. Hoteli ni moja tu."

Mabati hayazuii sauti. Mkanda ulipokwisha nikatoka kununua mihogo, akanikatia kama kawaida, akaniongezea kachumbari kama kawaida, kisha akaniuliza huku akifunga karatasi: "Eti mwanangu, hiyo hoteli yenyewe wanauza nini?"

Nikamwambia, "Sijui, mama. Ila ni ya kitajiri."

Akasema, "Haya," akageukia mteja mwingine.

Ndivyo ilivyokuwa, Mhariri. Tuliurudia mkanda ule usiku baada ya usiku, na kila usiku nilisema maneno yale yale. Niliona naeleza hadithi.

Miaka kama ishirini na kitu ikapita. Video zikafa, zikaja sidii, zikafa nazo, mimi nikarudi kwenye useremala. Likizo moja mpwa wangu alikuja nyumbani na kompyuta yake, akanionyesha kwamba picha zote za zamani sasa zinapatikana. Nikamwomba aniwekee ile ya Rambo wa barafu. Tukakaa sebuleni. Lenina Huxley akafungua mdomo, akasema Taco Bell ndiyo pekee iliyosalimika katika vita vya migahawa, na sasa migahawa yote ni Taco Bell.

Nikasema, "Rudisha nyuma. Amesema Pizza Hut."

Mpwa wangu akarudisha. Taco Bell. Nikamwambia hiyo picha imechezewa, hii mimi nimeitafsiri kwa mdomo wangu, naijua kwa moyo. Akanijibu kwa adabu, "Mjomba, pengine ulisikia vibaya, ni siku nyingi." Niliumia, si kwa sababu yake, bali kwa sababu kazi yangu yote ilikuwa kusikia. Nikikosea neno pale kibandani watu mia wanakosea pamoja nami.

Hakulala usiku ule, akatafuta mpaka akapata toleo lile tulilokuwa nalo sisi. Asubuhi akaniita. Tukaziweka sehemu zile mbili moja baada ya nyingine. Hatukuwa tumekosea mimi wala yeye. Ndani ya Marekani filamu ilitoka na Taco Bell. Kwa nchi nyingi za nje, ambako wakati ule Taco Bell haikujulikana sana, nembo zilibadilishwa baada ya filamu kupigwa, na maneno ya wachezaji yakarekodiwa upya ili waseme Pizza Hut.

Msomaji anayetaka kuthibitisha asimame mbele ya kioo na ajaribu mwenyewe. Tamka "Pizza Hut": midomo inafungana mwanzoni kabisa, kwenye "pi", na baada ya hapo haifungani tena. Sasa tamka "Taco Bell": mwanzoni midomo iko wazi, ulimi ndio unaogusa meno, na midomo inakuja kufungana katikati, kwenye "be". Nilipomtazama Sandra Bullock kwa makini katika toleo letu, midomo yake ilifungana mahali ambapo sikio halina sababu ya kuifunga. Sikio linasikia Pizza Hut, jicho linaona Taco Bell. Mimi niliyelipwa kwa kutazama midomo sikuliona hilo kwa miaka yote niliyoitafsiri, kwa sababu haikunijia kwamba mtu anaweza kumwekea mchezaji neno jingine kinywani kwa ajili ya biashara.

Na hawakufuta vizuri. Kuna mahali watu waliokuwa mezani wanatazama kupitia kioo cha mgahawa mapigano yanayoendelea nje. Kwenye kioo hicho, hata katika toleo la Pizza Hut, maandishi ya Taco Bell bado yapo. Mpwa wangu alisimamisha picha, akanielekezea kwa kidole. Majina ya mwishoni nayo yameiacha Taco Bell mahali pake. Na nilifarijika niliposoma kwamba huko Sweden watafsiri waliandika Taco Bell kwenye maandishi ya chini wakati sauti na picha zilikuwa za Pizza Hut. Watafsiri wenzangu, mbali huko, nao waliwekwa katikati ya mambo mawili. Australia ilikuwa hivyo hivyo: mkanda wa video wa mwaka 1994 ulikuwa na Taco Bell, dividii iliyokuja baadaye ikawa na Pizza Hut.

Sasa mtu atasema, kwani kuna tofauti gani? Chakula ni chakula. Tofauti ipo, na ni kubwa.

Taco Bell ni mgahawa wa chakula cha haraka na cha bei nafuu, ulianzishwa na Glen Bell huko California mwaka 1962. Mmarekani wa kawaida anasimamisha gari dirishani, anapewa mkate wake wa mahindi wenye nyama, anaondoka. Kwa hiyo Mmarekani alipoona wakuu wa mji wamevaa majoho wanakula Taco Bell kwa uma na kinanda kinalia, alielewa maana yake hapo hapo. Ni sawa na filamu ya kwetu imwonyeshe mkuu wa nchi wa mwaka 2060 akiwakaribisha mabalozi kwenye banda la chipsi la stendi ya Msamvu, meza zimetandikwa vitambaa vyeupe. Ukumbi mzima ungeelewa kwamba dunia hiyo imeharibika mahali, kwamba watu wamesahau chakula ni nini. Hilo ndilo wazo la filamu, na ni wazo zuri. Maana nje ya mgahawa ule ule, watu wenye njaa wanaoishi chini ya mji wanachomoka ardhini kuja kuiba chakula, Spartan anawapiga, kisha anaona walichokuja kuchukua, na uso wake unabadilika. Baadaye anashuka huko chini kwao na kula nyama ya panya kwenye mkate, na anaona ni tamu kuliko alichokula juu. Pale kibandani watu walikuwa wanapiga makofi.

Sisi tulipewa Pizza Hut, jina tusilolijua, lililovikwa majoho na kinanda. Ile maana ya banda la chipsi haikutufikia hata kidogo. Kilichotufikia ni hoteli ya wakubwa wa dunia, na aliyelisema hilo kwa Kiswahili ni mimi. Kampuni haikunijua wala haikunilipa, wala sidhani iliwahi kufikiri kwamba kuna kibanda Mwembesongo. Lakini kazi yake niliifanya, na niliifanya kwa bidii.

Kuna jambo moja zaidi ambalo mpwa wangu aliligundua na mimi likaniuma kuliko yote. Mwaka 1993 Taco Bell na Pizza Hut zote mbili zilikuwa mali ya PepsiCo. Pizza Hut ilinunuliwa 1977, Taco Bell ikanunuliwa 1978, na hazikutoka mikononi mwake mpaka 1997. Kwa hiyo katika hadithi ya vita vya migahawa ambamo mshindi ni mmoja, mshindi wa Marekani na mshindi wa huku kwetu walikuwa watoto wa nyumba moja. Sentensi ya Lenina Huxley ilikuwa chumba cha kupanga. Marekani kapangishwa huyu, huku kapangishwa ndugu yake. Mtu akitunga sentensi hiyo kwa nia ya kuonya juu ya kampuni moja kumeza nyingine, kisha ndani ya sentensi hiyo hiyo kampuni moja ikaweka majina yake mawili, onyo linabaki na nguvu gani?

Sisemi filamu ni mbaya. Naipenda mpaka leo. Kampuni nyingi zisingekubali kuonyeshwa ndani ya dunia iliyoharibika namna ile, na hiyo ilikubali. Lakini tazama mwisho wake: mwaka 2018, filamu ilipokuwa inatimiza miaka 25, Taco Bell yenyewe ilijenga San Diego mgahawa wa muda unaofanana na ule wa mwaka 2032, kwenye mkusanyiko mkubwa wa wapenzi wa filamu na vibonzo unaofanyika huko kila mwaka. Kilichokuwa onyo kikawa sherehe.

Mwandishi wa makala yenu alisema kuweka bidhaa kwenye filamu ya siku zijazo ni jambo jepesi kuliko kuiweka kwenye filamu ya maisha ya leo, kwa kuwa ni mambo ya kufikirika. Mimi naona ni kinyume chake. Tangazo la barabarani linaniambia njoo ununue. Nalijua, na nikitaka nalipita. Tangazo lililo ndani ya dunia ya kesho haliniambii ninunue. Linaniambia mimi nitakuwepo, na fulani hatakuwepo. Halishindani na pochi yangu, linashindana na picha niliyo nayo kichwani ya mji wangu utakavyokuwa. Na tangazo kama hilo halihitaji liwe la kweli. Filamu ya 2001: A Space Odyssey ya mwaka 1968 ilionyesha chombo cha angani cha Pan Am, shirika la ndege lililokuwa linatamba wakati huo, na Pan Am ikafa Desemba 1991, miaka kumi kabla ya mwaka wenyewe kufika. Ile ya pili ya Back to the Future, ya mwaka 1989, ilionyesha pizza kavu ndogo ya Pizza Hut inayoingizwa kwenye mashine na kutoka kubwa ya moto baada ya sekunde chache, mwaka 2015. Mwaka 2015 umepita na mashine hatukuiona. Lakini jina lilikaa vichwani mwa watazamaji miaka yote hiyo ya katikati, na hicho ndicho kilichonunuliwa.

Kwa mtoto wa Marekani angalau jina lile lilikuwa na jengo mtaani kwao. Aliweza kuingia, akaonja, akasema kizuri au kibaya. Sisi tulipewa kesho isiyo na hata kitu kimoja chetu, na hatukuwa na namna ya kukionja tulichoonyeshwa. Dar es Salaam sasa pizza zipo na kuku wa kampuni za nje wapo. Nimepita nje ya mgahawa mmoja wa aina hiyo na kuona familia zimevaa vizuri zinapiga picha mlangoni kabla ya kuingia. Siwalaumu, mtu ana haki ya kula anachopenda na kuwafurahisha watoto wake. Nilisimama pale nikajiuliza tu wangapi kati ya wazazi wale walikaa kwenye mabenchi ya vibanda kama changu, na nani aliwaambia kwanza kwamba hapo ni mahali pa wakubwa.

Ninachoomba ni jambo moja, na linawezekana. Mtazamaji aambiwe. Uingereza ilikuwa imekataza kabisa bidhaa kuwekwa kwa malipo kwenye vipindi vya televisheni vinavyotengenezwa huko. Februari 2011 iliruhusu, lakini kwa masharti. Kipindi chenye bidhaa iliyolipiwa lazima kionyeshe alama ya herufi P mwanzoni, mwishoni, na kila kinaporudi baada ya matangazo, ili anayetazama ajue. Na vyakula vyenye mafuta, chumvi au sukari nyingi havikuruhusiwa kabisa kuingizwa kwa njia hiyo. Nchi yenye viwanda vikubwa vya filamu imeona haja ya herufi moja kwenye kona ya kioo. Sisi tunashindwa nini? Bodi yetu ya Filamu tayari inakagua filamu na kuzipangia umri wa watazamaji, na alama zake tunaziona. Alama moja ya kuongeza haitamzuia kijana yeyote kupata fedha ya kampuni. Itamwambia tu mama aliyekaa na wanawe kwamba chupa ile imelipiwa ikae pale mezani.

Na wanaotia sauti za Kiswahili kwenye filamu na tamthilia za nje, kazi ambayo siku hizi inafanyika studio na kwa mikataba, waambiwe nao. Mtafsiri akijua kwamba jina fulani ni la tangazo atajua namna ya kulisema, au atauliza kama ni lazima lisemwe. Mimi sikuwa na wa kumuuliza. Nilikuwa na kipaza sauti, na watu walioniamini.

Mama Mihogo alifariki miaka mingi iliyopita. Karai lake analo binti yake, anakaangia pale pale, ingawa kibanda sasa ni duka la vifaa vya simu. Hapana shaka hakumbuki jibu nililompa yule mtoto kwenye kipaza sauti, na mwaka 2032 hauko mbali. Nilipokwenda kununua mihogo juma lililopita alikuwa na mtoto wake mgongoni na foleni ya watu saba.

Nasikia vijana fulani wa Dar es Salaam wanaandaa filamu ya miaka mia ijayo, magari yanaruka na majengo yamefika mawinguni. Nawaombea ifanikiwe, na wakipata kampuni ya kuwachangia waipokee kwa mikono miwili na waseme wazi mwanzoni mwa filamu kwamba imewachangia. Ila wakishajenga huo mji wao, pale chini kwenye kona ya barabara, penye kivuli cha hayo majengo, wamweke mama mmoja na karai lake. Wala asiseme neno. Wamwonyeshe tu anageuza mihogo, na mtu amesimama anasubiri kufungiwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mtafsiri wa zamani,
Mwembesongo, Morogoro